Risiti ya Shule ya Bure

Ujumbe uliingia Jumapili saa mbili usiku kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi wa Gredi ya Kwanza. Kila mtoto alete shilingi 300 za mwalimu wa BOM, shilingi 100 za karatasi za mtihani, na tishu mbili. Mzazi mmoja akauliza, "Kwani hii shule si ya bure?" Hakuna aliyemjibu. Wawili watatu waliweka emoji ya kucheka, kisha watu wakaanza kubandika ujumbe wa M-Pesa kuonyesha kwamba wameshalipa.

Mimi pia nililipa, bila kuuliza kitu.

Binti yangu ana miaka sita na anasoma katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Darasa lao lina watoto 83. Najua kwa sababu niliwahesabu siku ya mkutano wa wazazi, nikiwa nimesimama nyuma kwa kukosa kiti. Mwalimu wao anawajua wote 83 kwa majina, na sijui anawezaje. Binti yangu anampenda kiasi kwamba jioni hupanga viatu vyetu vyote kwenye sakafu na kuvifundisha kusoma kwa sauti ya mwalimu huyo. Kiatu kinachochelewa kujibu kinaambiwa, "Nakungoja, usiogope." Hayo hakuyatoa kwangu.

Lakini pia amejifunza kubana mkojo hadi arudi nyumbani, kwa sababu foleni ya choo ni ndefu na mlango hauna komeo. Wanakaa wanne kwenye dawati la watatu. Daftari lake la hesabu lilikaa wiki tatu bila alama ya kalamu nyekundu, na sikuweza kukasirika. Ukichukua dakika mbili tu kwa kila daftari, mara 83, ni karibu saa tatu, na hilo ni somo moja tu.

Ng'ambo ya barabara kuna akademi. Darasa lina watoto 22, basi ni la manjano, karo ni shilingi 18,000 kwa muhula. Nilichukua fomu yao mwezi wa nane. Nilijaza yote isipokuwa kisanduku kimoja kinachouliza kiwango cha elimu cha mzazi. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu na sijui hiyo inaandikwaje. Fomu bado iko juu ya friji. Kuna miezi ambayo kazi za kuandika zinaleta hizo 18,000 na kuna miezi haziletei hata nusu, lakini tukijibana inawezekana. Sasa swali limekuwa kama inafaa.

Nilipokwama hapo nikaanza kusoma historia. Nilitaka kujua ilikuwaje mzazi wa Kenya akaiona shule ya umma kama stendi ya matatu, mahali pa kungojea huku ukitafuta nauli ya kuondokea. Nilidhani nitaanzia mwaka 2003, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilianzia.

Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002. Muungano wa NARC ulikuwa umeahidi elimu ya msingi bila malipo, na wiki moja baadaye, shule zilipofunguliwa Januari, ahadi ikawa amri. Nilikuwa na miaka sita. Mamangu anasema alinipeleka saa kumi na mbili asubuhi akakuta foleni imefika barabarani. Kulikuwa na watoto wa miaka sita na wengine waliokuwa tayari wanaota ndevu, wote wanataka darasa la kwanza. Walimu wakuu wengine mjini walifunga mageti kwa kuwa nafasi ziliisha siku ileile. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi karibu milioni 7.2 mwaka 2003. Mwaka uliofuata, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza Eldoret akiwa amevaa kaptula ya sare, na dunia nzima ikapiga picha.

Kumbukumbu yangu ni ndogo. Nakumbuka tulikaa sakafuni hadi muhula wa pili. Nakumbuka kitabu cha Kiingereza tulichoshiriki watano, na mimi nilikuwa nakisoma kikiwa juu chini kwa sababu ya upande niliokaa. Hadi leo naweza kusoma gazeti lililogeuzwa.

Niliyoyajua baadaye ni hesabu yake. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Shilingi 650 zilienda kwenye akaunti ya vitabu na vifaa, ile walimu waliiita Simba, na 370 zilienda kwenye matumizi mengine yote: maji, stima, ukarabati, mlinzi. Mishahara ya walimu ilikuwa kando. Na hapo ndipo kulikuwa na shimo, kwa kuwa tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha uajiri wa walimu wapya na ilikuwa inajaza tu nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Kwa maneno mengine, watoto zaidi ya milioni moja waliingia darasani bila walimu wapya kuingia pamoja nao. Yule mwalimu wa BOM ambaye namlipa shilingi 300 leo alizaliwa hapo. Bodi ya shule inamwajiri kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu haijamleta, na bodi haina pesa ila za wazazi.

Nilipofika hapo nilifikiri nimeshapata jibu, kwamba tulifungua mlango bila kupanua nyumba. Ndipo nikamuuliza mamangu kama anakumbuka kelele za 2003. Akacheka. "Hiyo ilikuwa mara ya tatu," akasema. "Mimi nilisoma bure kabla yako. Tulilipa sana."

Mamangu alikulia Vihiga. Babu yake mtoto huyu wetu wa Gredi ya Kwanza simjui vizuri, ila baba yake mamangu, ambaye sisi tulimwita Kuka, alikuwa amesoma miaka minne tu. Nilidhani ni umaskini. Kumbe ilikuwa sera. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilipendekeza mfumo ambao Waafrika wengi wangesoma miaka minne, kisha mtihani uchuje wachache wa kuendelea. Kuka alifanya mtihani huo katikati ya miaka ya hamsini. Hakupita, na hapo serikali ikawa imemalizana naye. Wakati huohuo watoto wa wazungu Nairobi walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na sisi zetu, na pesa za umma ziligawanywa kwa utaratibu huohuo wa rangi.

Wazazi hawakunyamaza. Mkoa wa Kati, baada ya mzozo wa 1929 kati ya wamisheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, familia nyingi ziliondoa watoto katika shule za misheni na kuanzisha zao wenyewe. Walichanga kondoo, miti na senti. Mwaka 1939 wakawa na chuo cha kufundisha walimu Githunguri, chini ya Mbiyu wa Koinange. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya mkoloni ilizifunga shule hizo. Nilisoma sehemu hii mara mbili kwa sababu ilinichanganya. Hawa pia walikuwa wazazi waliotoroka shule zilizokuwapo. Lakini waliondoka pamoja, wakiwa na kamati na daftari la michango, na walikoenda walijenga shule ambayo hata mtoto wa jirani asiye na kondoo angeweza kuingia. Mimi nafikiria kutoka peke yangu, nikiwa na fomu moja.

Uhuru ulipokaribia, ilani ya KANU ya 1963 iliahidi miaka saba ya elimu ya msingi bila malipo. Rangi iliondolewa kwenye geti la shule, na mahali pake pakawekwa karo. Hapa Nairobi, shule za baraza la jiji ziliwekwa katika madaraja: A zilizokuwa za wazungu, B zilizokuwa za Wahindi, C zilizokuwa za Waafrika. Zote zilikuwa za umma, ila ada hazikulingana. Mwafrika mwenye kazi nzuri serikalini sasa angeweza kumpeleka mtoto daraja A, na wengi walifanya hivyo. Aliyebaki Makongeni au Pumwani alibaki na C yake. Naona hapo ndipo tulipojifunza somo ambalo bado tunalikariri: ukifanikiwa, usiirekebishe shule ya mtaani kwako, badilisha shule.

Mwaka 1971 serikali ilifuta karo katika maeneo kame yaliyoachwa nyuma, kama Turkana, Marsabit na Kaskazini Mashariki. Kisha Jamhuri Dei ya Desemba 1973, Jomo Kenyatta akatangaza kwamba kuanzia Januari darasa la kwanza hadi la nne litakuwa bure kote nchini. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa takriban 379,000 mwaka 1973. Mwaka 1974 walikuwa takriban 959,000. Hebu fikiria mwalimu aliyefunga shule Desemba akiwa na watoto 40 na kufungua Januari akiwa na 100.

Hakukuwa na madarasa ya kuwatosha. Kwa hivyo kamati za shule zikaanzisha ada ya ujenzi, na katika sehemu nyingi ada hiyo ilizidi karo iliyofutwa. Wazazi walioitikia mwito wa bure wakajikuta wanalipa zaidi kuliko zamani, na watoto wengi wakarudi nyumbani kabla ya kufika darasa la nne. Mamangu alianza shule Vihiga miaka hiyo. Hakukuwa na karo. Kulikuwa na pesa za ujenzi, na kila asubuhi kila mtoto alibeba jiwe kutoka mtoni. "Sisi ndio tulijenga hiyo darasa," anasema, akionyesha kwa kidole kana kwamba iko pale jikoni. Nyanya aliuza kuku wawili kulipia kile ambacho redio ilisema hakilipiwi.

Mara ya pili ilikuwa 1979. Daniel arap Moi alifuta ada zilizobaki na akaleta maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu. Ukikaa na Mkenya wa miaka hamsini hivi, utasikia habari za maziwa hayo kabla hujamaliza chai. Mamangu anasema wengine walikunywa nusu na kubeba nusu nyumbani kwa wadogo zao. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na pamoja nao karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu ambavyo wazazi walitakiwa kujenga. Kufikia 1988, deni la taifa na mashinikizo ya wakopeshaji vikaleta sera ya kugharamia pamoja: serikali italipa walimu, mzazi atabeba karibu yote yaliyobaki. Neno bure likaondoka bila kuagwa. Mwaka 1989 idadi ya walioandikishwa shule za msingi ilikuwa imepita asilimia 100 ya watoto wa umri huo, kwa sababu hata wakubwa walikuwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka chini ya 90.

Hivyo mimi niliyedhani ni kifungua mimba wa elimu ya bure, kumbe nilikuwa kitinda mimba. Na ukizipanga mara hizo tatu zinafanana. Rais anatangaza na watoto wanamiminika. Pesa hazitoshi, na walimu na madarasa yanabaki kuwa yaleyale. Ada inarudi ikiwa imebadilishiwa jina: ujenzi, karakana, remidio, sasa ni BOM. Kisha mzazi mwenye uwezo kidogo anatafuta mlango.

Ule mlango wa mwisho ndio unaonihusu, kwa sababu mimi nimeshapitishwa hapo.

Shuleni kwetu mamangu alikuwa na jina la utani. Walimwita Mama Risiti. Kila mkutano wa wazazi alisimama na kuuliza zile pesa za madawati zimeandikwa wapi. Hakuwa msomi. Alikuwa anauza nguo za mitumba Gikomba na alijua kwamba pesa isiyoandikwa haijawahi kuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa anamwogopa, na wazazi wengine walikuwa wanamtegemea. Mwaka mmoja madawati yalifika kweli, nasi tukainuka sakafuni, na nyumbani tulisherehekea kwa soda.

Januari 2006 nilipokuwa naingia darasa la nne, alinihamisha. Biashara ilikuwa imechangamka na kulikuwa na akademi mpya mtaani, ya mabati, ila darasa lilikuwa na watoto 25. Mama Risiti aliondoka na maswali yake. Na hakuwa peke yake. Miaka hiyo wazazi wenye duka, wenye mshahara, wenye mdomo, waliondoka mmoja mmoja, na akademi zikaota mitaani kama uyoga. Nilimuuliza juzi nani alichukua nafasi yake ya kuuliza maswali kwenye mkutano. Alifikiri kwa muda. "Sijui," akasema. "Sikurudi tena."

Kitaifa wauliza maswali walihitajika sana miaka hiyohiyo. Mwishoni mwa muongo huo ukaguzi ulionyesha kuwa mamilioni mengi ya pesa za elimu ya msingi yalikuwa yameporwa, na Uingereza, mmoja wa wafadhili wakubwa, ikasimamisha msaada wake. Sisemi kwamba mama mmoja wa Gikomba angezuia wizi wa wizarani. Nasema tu kwamba watu waliozoea kudai risiti walikuwa wameshahama.

Nina sababu nyingine ya kutoiamini sana hadithi ya akademi. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alibaki. Tulifanya KCPE pamoja mwaka 2010, yeye kule, mimi huku. Mimi nilipata alama 398, yeye 391. Mwaka 2011 serikali ilibadilisha kanuni ya kuchagua wanafunzi wa shule za kitaifa ili watoto wa shule za umma wapate nafasi nyingi zaidi, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi. Wenye akademi walilalamika hadi redioni. Rafiki yangu akaitwa shule ya kitaifa. Mimi sikuitwa. Mamangu alikuwa na hasira wiki nzima, na hasira yake ilikuwa na haki, kwa maana mtoto wake alikuwa amefanya bidii na si yeye aliyeandika sera. Lakini nilikuwa nimekaa sakafuni na yule kijana. Nilijua alama zake 391 zilitoka wapi. Hata wakati huo, nikiwa na miaka kumi na minne na machozi ya karibu, sikuweza kusema kwamba ameniibia.

Sheria haina tatizo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Ada nyingine zinahitaji idhini ya Waziri, na mtoto hawezi kufukuzwa kwa kukosa kuzilipa. Mtaala mpya wa umilisi ulianza kote nchini 2019 na kudai printa, kadibodi na wazazi wenye muda. Tangu 2023 sekondari msingi imewekwa ndani ya viwanja vilevile vya shule za msingi. Na mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi, uliokuwa 1,020 nilipoanza, umefika 1,420 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 190 hivi za shule, ni shilingi saba na senti kadhaa kwa siku. Mandazi hapa kwetu ni shilingi kumi.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu ni kilio. Jijini Nairobi, tangu 2023, mtoto wa shule ya umma anaweza kula chakula cha mchana kwa shilingi tano kwa mpango wa kaunti. Binti yangu ana kibangili mkononi. Anakigusisha kwenye mashine anapewa sahani ya wali na ndengu. Mamangu alipokiona alikishika muda mrefu, akakigeuzageuza, akasema, "Hii ni maziwa ya Nyayo." Kisha akaongeza, "Tuone kama itafika miaka kumi."

Akademi nayo haina kinga ya ajabu. Septemba 2019, jengo la shule moja ya binafsi Ngando hapa Nairobi liliporomoka asubuhi na kuua watoto. Lilikuwa la mbao na mabati, na wazazi walikuwa wanalilipia kwa jasho. Februari 2020, katika shule ya umma Kakamega, wanafunzi 14 walikufa wakikanyagana kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Huku waliuawa na jengo bovu, kule na msongamano. Binti yangu alikuwa mtoto mchanga nilipozisikia habari hizo mbili, na nadhani hofu yangu ya shule, ya aina yoyote ile, ilianza pale.

Nilimpelekea mamangu haya yote, pamoja na mawazo yangu kuhusu wazazi wanaoondoka na sauti zao. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anachambua mboga.

"Kwa hivyo unasema nilikosea kukutoa."

"Sijasema hivyo, mathe."

"Ulikuwa unakojoa suruali kwa kuogopa choo. Nilikuwa nikuache hapo ili wengine wapate mtu wa kuwaulizia maswali?" Aliweka kisu chini. "Mtoto hakai miaka sita mara mbili. Hiyo nchi yako itangoja. Yeye hawezi."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kila mara ninapojipanga kuandika kwamba wazazi wenye uwezo tubaki tuzitetee shule zetu, nakumbuka foleni ya choo, na naona ninamtumia mtoto wa miaka sita kulipa deni la 1963. Halafu ninapoichukua ile fomu juu ya friji, nawakumbuka wale watoto 82 ambao dawati lao litakuwa na nafasi zaidi binti yangu akiondoka, na ambao mkutano wao utakuwa na mzazi mmoja chini. Mambo haya mawili hayajapatana kichwani mwangu. Kwa kadiri nilivyosoma, hayakupatana kichwani mwa nyanya aliyeuza kuku wala kwa Mama Risiti. Nimepunguza kujiona mzazi mbaya, nikijua kwamba wasiwasi huu una umri wa miaka mingi kuliko mimi.

Nilichoweza kufanya ni kidogo. Ile Sheria ya 2013, kifungu cha 29, ina mstari ambao sikuwahi kuujua, unaosema hakuna anayeruhusiwa kukusanya ada bila kutoa risiti rasmi. Jumatatu iliyofuata nilimpeleka binti shuleni, kisha nikaenda ofisini. Mwalimu anayeshika pesa za darasa aliinua macho.

"Karibu, mzazi."

"Asante, mwalimu. Nilituma zile mia nne jana. Naomba risiti."

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda mji mwingine. Hakuwa na kinyongo, alikuwa tu hajawahi kuombwa. Alifungua droo moja, akafunga, akafungua nyingine. Akatoa kitabu cha risiti chenye vumbi, chenye muhuri wa shule, ambacho kilikuwa kimetumika kurasa chache za mwanzo tu. Akaandika polepole: mwalimu wa BOM, 300, karatasi, 100. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja aliyebeba tishu mbili. Alichungulia bega langu.

"Kumbe hiyo inapeanwa?" akauliza. "Basi na mimi niandikie."

Fomu ya akademi iko pale pale, na nafasi wamesema wataishika hadi Desemba. Risiti nimeibandika kando yake.